Goti la Bibi wa Mkorosho

DEO: Tumeshaanza kurekodi, dada Salma. Weka simu chini.

SALMA: Siweki. Tazama hii kwanza.

DEO: Naona papai lililokatwa.

SALMA: Kiwele cha Tausi hicho. Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, kabla hajaguswa. Hapa panapong'aa njano hadi karibu nyeupe ni robo ya nyuma, kulia. Robo nyingine tatu zina rangi ya chungwa. Kinachong'aa zaidi ndicho chenye joto zaidi. Robo ile ilisoma nyuzi 36.8, mwenzake wa kushoto 35.3.

DEO: Tausi mnamfahamu, yule ng'ombe chotara wa Frizia aliyetafuna kanga mpya ya sare. Sasa waeleze hiyo kamera ya joto umeitoa wapi.

SALMA: Ya mtoto wa dada. Ni fundi umeme, anakagulia vibao vya umeme kwenye maghorofa ya Kariakoo, maana kiungo kikilegea hupata moto kabla hakijaungua. Kikamera kidogo tu, unachomeka kwenye simu. Nikamwomba aniachie wiki moja. Mnakumbuka ng'ombe wangu Chiku alivyokauka robo nzima mwezi wa tatu. Tulipoona mabonge kwenye kikombe cheusi, kile cha kukagulia maziwa ya kwanza, ugonjwa wa kiwele ulikuwa umeshaingia ndani. Daktari wa mifugo akaja, tukatibu, maziwa tukamwaga mpaka siku za dawa zikaisha, na robo haikurudi. Nililia hapa hapa kwenye kiti hiki.

DEO: Ulilia, na mimi nikalia.

SALMA: Basi ndiyo maana. Leo nina mambo matatu nimeyaandika kwa ajili ya wafugaji wa mjini. La kwanza, namna ya kupiga hiyo picha. La pili...

DEO: Kabla ya la kwanza. Nimesikia Goba nzima inazungumzia goti.

SALMA: (Anacheka.) Nani kakuambia?

DEO: Bodaboda aliyenishusha kwako juzi. Kaniambia, "Kwa yule mama mwenye kamera ya magoti?"

SALMA: Jamani. Ni hivi. Bibi wa Mkorosho kaja na sufuria yake kuchukua maziwa, kama kila siku. Kanikuta naangalia picha ya Tausi. Akauliza, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akapandisha kanga, akasema, "Mwanangu, hebu nipige na hili goti." Goti la kushoto linamsumbua tangu kabla ya masika, na kila akisema anaambiwa ni uzee. Nikampiga yote mawili pamoja. Deo, la kushoto liliwaka kama taa.

DEO: Yeye akasemaje?

SALMA: Aliishika simu kwa mikono miwili, akasema, "Nilikuwa nawaambia." Basi. Mara tatu. "Nilikuwa nawaambia." Akataka nimtumie mwanawe Mwanza saa ile ile. Kufika jioni nina watu sita barazani, mwenye bega, mwenye jino, mmoja kaja na friji.

DEO: Na friji!

SALMA: Mlango wa friji. Anataka kujua baridi inatokea wapi. Tulipiga, kona ya chini ina mstari wa bluu, mpira umekufa. Hiyo ndiyo picha pekee niliyoitolea jibu la moja kwa moja wiki nzima.

DEO: Sasa nikuulize swali moja tu la goti. Bibi alikuwa amekaa wapi kabla ya kuja kwako?

SALMA: Chini ya mkorosho wake. Si ndiyo jina lake?

DEO: Saa ngapi?

SALMA: Saa tatu asubuhi hivi.

DEO: Jua la saa tatu linaingia upande gani wa ule mkorosho?

SALMA: (Kimya.) Kushoto kwake.

DEO: Dada yangu! Umepiga picha ya jua!

SALMA: Subiri. Unadhani sikulifikiria? Nilimpiga tena magharibi, kakaa ndani tangu alasiri. Tofauti ilipungua, lakini ilikuwepo. Goti la kushoto lilikuwa bado na joto zaidi.

DEO: Ilipungua kiasi gani?

SALMA: Nusu.

DEO: Kwa hiyo nusu ya ugonjwa ulikuwa mkorosho.

SALMA: (Anacheka.) Sawa. Lakini nusu iliyobaki ilikuwa ya Bibi.

DEO: Nakuuliza kwa nia njema, maana ile kamera haioni ndani. Inasoma joto linalotoka juu ya ngozi, basi. Joto hilo hutoka kama mwanga usioonekana, ule ambao William Herschel, mtaalamu wa nyota, aliukuta mwaka 1800, alipokuwa anapima joto la rangi za jua kwa vipimajoto. Akaweka kimoja nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, kikapanda kuliko vyote. Ngozi ya Bibi inautoa, ya Tausi inautoa, ukuta wako unautoa. Ngozi ikiwa mbichi, maji yanapokauka yanaipoza. Ikiwa na samadi, unasoma samadi. Sasa nakuuliza la Tausi. Usiku ule alilalia ubavu gani?

SALMA: Hilo silijui.

DEO: Ukamkuta amesimama au amelala?

SALMA: Nilimwinua mimi.

DEO: Haya.

SALMA: Haya nini? Nilisubiri! Nilimwinua, nikampa pumba na mashudu, nikampiga baada ya dakika kumi na tano, hajaoshwa, hajakandwa, kutoka nyuma, mita moja. Jioni nikapiga tena vile vile. Jumanne tena. Picha nne, robo ile ile. Sikulinganisha na ng'ombe wa kitabuni, nililinganisha robo na robo kwa ng'ombe yule yule, banda lile lile, hewa ile ile. Kama joto la Dar linamsumbua, linasumbua robo zote nne.

DEO: Hapo kwa kulinganisha nakubali. Lakini joto la Dar lenyewe hukulijibu. Saa kumi jioni kwenye banda la bati hewa ina 32, 33. Kiwele kina 35, 36. Ng'ombe anahema, anapeleka damu kwenye ngozi ajipoze. Na kiwele tayari ni kitu cha moto, lita moja tu ya maziwa inataka damu kama lita 400 hadi 500 zipite mle ndani. Picha nzima inakuwa chungwa tupu. Nchi za baridi wanaona vizuri kuliko sisi.

SALMA: Ndiyo maana nikasema alfajiri.

DEO: Sawa, alfajiri. Na kikombe cheusi kilisema nini Jumatatu?

SALMA: Safi. Hakuna bonge, hakuna maji, hakuna damu. Mkamuaji wangu, mzee wa miaka ishirini kwenye kazi, kaweka kiganja kila robo, kasema hakuna kitu. Tausi hakurusha teke. Lakini maziwa ya robo ile niliyaweka pembeni, sikuuza.

DEO: Lita ngapi?

SALMA: Mbili na nusu asubuhi ile. Shilingi 5,000.

DEO: Kwa rangi ya njano.

SALMA: Kwa Bibi anayempa mjukuu maziwa yale, Deo. Ndiyo, kwa rangi ya njano.

DEO: Ukaita daktari?

SALMA: Jumatano. Kaja na kile kibao cha vikombe vinne, kipimo cha California. Unakamua kidogo kila chuchu, unatia dawa kiasi kile kile, unazungusha. Maziwa mazima yanabaki maji. Yenye ugonjwa yanavuta.

DEO: Kama mlenda.

SALMA: Kama mlenda hasa. Ile dawa inapasua chembe nyeupe zilizokuja kupigana na vijidudu, zikipasuka maziwa yanakuwa mazito. Robo ya nyuma kulia, mlenda mwepesi.

DEO: Malizia.

SALMA: Namalizia. Na robo ya mbele kushoto nayo, mlenda mwepesi.

DEO: Ambayo kwenye kamera?

SALMA: Chungwa. Kama zile nzima.

DEO: Wasikilizaji, mmesikia. Robo mbili zinaumwa, kamera imeona moja. Kibao kimeona zote mbili. Kibao kipo tangu 1957, hakitaki simu, hakitaki fundi wa Kariakoo, na bei yake huwezi hata kuiweka meza moja na bei ya kamera. Ugonjwa wa kiwele uliojificha mara nyingi hauleti joto la kutosha kufika kwenye ngozi. Mimi nimekamua tangu darasa la tatu kule Tengeru, sisemi haya kwa kuchukia mashine. Nasema mfugaji wa ng'ombe watatu akinunua kamera, ataacha kibao. Picha ikiwa chungwa, atalala usingizi.

SALMA: Na mimi nakuuliza, kibao changu kilikuwa wapi Jumapili?

DEO: Kabatini.

SALMA: Kabatini tangu mwezi wa tatu! Nakijua, ninacho, nilifundishwa, na sikukitoa. Kilichonifanya nimwite daktari ni picha.

DEO: Hapo tatizo ni kabati, dada. Kitoe kila wiki mbili.

SALMA: Unaongea kama mtu ambaye haamki saa kumi usiku. Mkamuaji ana mikono miwili na yote ina kazi. Kamera ni sekunde kumi kabla ya kuosha, kila siku, mara mbili.

DEO: Na atakayeitazama hiyo picha kila siku ni nani? Kuna mwingine ataiona njano, hatamwita daktari, atakimbilia duka la dawa na kuchoma sindano mwenyewe. Ng'ombe mwenye jua ubavuni anachomwa antibiotiki. Hapo tumetengeneza vijidudu sugu na maziwa yenye dawa, yote kwa picha.

SALMA: Mimi sikuchoma.

DEO: Wewe hukuchoma.

SALMA: Basi usinihukumu kwa kosa la mtu asiyekuwepo.

DEO: Sikuhukumu. Nasema simshauri msikilizaji yeyote anunue.

SALMA: Na mimi namshauri aazime, apige, aone.

DEO: Hatukubaliani.

SALMA: Hatukubaliani. Bibi naye alikwenda zahanati Alhamisi na picha mkononi, kama huna habari.

DEO: Enhe! Wakamwambiaje?

SALMA: Mganga kaitazama picha, kaiweka mezani, kamshika goti.

DEO: Kwa mkono!

SALMA: Kwa mkono, ndiyo. Kalikunja, kalinyoosha, kabonyeza pembeni. Kuna maji ndani, kampa dawa na kadi ya kurudi.

DEO: Mkono, wasikilizaji. Mkono.

SALMA: Mkono uliokuwa zahanati tangu kabla ya masika, na Bibi hakwenda! Picha ndiyo iliyomtoa chini ya mkorosho, Deo. Miezi yote ile anasema anaumwa, hakuna aliyemsikia, na yeye mwenyewe akaanza kujitilia shaka. Hata Tausi hawezi kusema.

DEO: (Kimya.) Hilo la Bibi limenigusa. La Tausi bado nasema kibao.

SALMA: Sema.

DEO: Saa ngapi sasa? Tulikuwa na mambo matatu.

SALMA: Saa nane na dakika arobaini. Hapa Sinza mpaka Goba, nikipata foleni pale Mlimani City nimekwisha. Saa kumi Tausi anakamuliwa, na robo ya nyuma kulia inakamuliwa mwisho, kwa ndoo yake.

DEO: Taja hata la kwanza.

SALMA: Nimeshalisema lote nikigombana na wewe. La pili ni kuchovya chuchu kwenye dawa baada ya kukamua na kumpa majani asilale kwa nusu saa, maana tundu la chuchu linakuwa bado wazi. La tatu... karatasi iko wapi?

DEO: Umeikalia.

SALMA: Acha, nitalisema siku nyingine. Kamera inarudi kwa mwenyewe Jumamosi, na Bibi kaniomba nimpige tena kabla haijaondoka, aone kama dawa inafanya kazi.

DEO: Mkalishe kivulini kwanza.

SALMA: Dakika kumi na tano. Nimeshamwambia.