Gari Lililosimama Muda Mrefu: Tuanzie Wapi Injini Inapotetemeka?

Ndugu wenye magari, mafundi, na ninyi vijana mnaojifunza ufundi, nawashukuru kwa kuitikia wito. Jambo la leo linawagusa wengi hapa Tabora, kwa sababu si wachache wanaofanya kazi mbali na nyumbani, wakaliacha gari chini ya mwembe kule Ipuli au Cheyo tangu mvua zinapokatika hadi zinaporudi, kisha wakaliwasha na kukuta injini inatetemeka, inamisi, yaani mafuta hayaungui ipasavyo katika baadhi ya silinda zake, na inataka kuzimika kila wanapoachia mafuta. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Leo ananunua plagi, kesho koili inayoipa plagi umeme, keshokutwa pampu, na gari halijapona, kwa kuwa hakuna aliyejiuliza ni kitu gani hubadilika gari linapokaa bila kutembea. Mimi nashikilia kwamba swali hilo ndilo la kwanza, na kwamba jibu lake mara nyingi limo ndani ya tangi.

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi na vingine vizito. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyoisaidia injini baridi kushika moto, huwa vya kwanza kupotea kwa mvuke, na kinachobaki hukutana na oksijeni ya hewa, kikaanza kujenga utomvu unaonata kwenye matundu madogo ya nozeli zinazonyunyizia petroli kwenye injini, au kwenye kabureta kwa magari ya zamani. Joto huharakisha kazi hiyo, na sote tunaijua Oktoba ya hapa kwetu. Tangi lililoachwa nusu lina ubaya wa ziada, kwani hewa iliyo juu ya mafuta hupoa usiku na unyevu wake unaweza kugeuka matone ya maji.

Kwa hiyo, kabla hamjafungua chochote kingine, toeni mafuta kidogo kutoka chini ya tangi, myatie kwenye chupa safi ya kioo, na muiache itulie mbali na moto. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, yatajitenga na kukaa chini, na mpaka kati ya viwili hivyo utaonekana waziwazi. Petroli iliyochoka huwa na rangi iliyokolea na harufu kali inayokaribia ile ya vanishi. Mkiyaona hayo, msijaribu kuyaficha kwa kuongeza lita chache mpya juu yake. Yatoeni yote, badilisheni chujio la mafuta, kisha wekeni mapya. Nozeli zilizoziba kidogo huweza kufunguka zenyewe baada ya safari ya kutosha, na zisipofunguka hupelekwa kuoshwa.

Mafuta yakiwa mazima, geukieni njia ya hewa. Panya hupenda boksi la chujio la hewa kwa kuwa ni pakavu na pamejificha, na wakishahamia hutafuna nyaya pia; nyigu wa udongo naye hujenga popote penye tundu. Mipira ya hewa iliyokauka hupasuka, ikaingiza hewa ambayo kompyuta ya gari haikuipima, na dalili yake ni mlio wa kufyonza pamoja na ngurumo inayopanda na kushuka bila dereva kukanyaga kitu.

Betri nayo ipimwe injini ikiwa imezimwa. Iliyojaa husoma karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12.4, ichajiwe kwanza, maana umeme dhaifu huichanganya kompyuta. Tena, betri ikiwa ilichomolewa, magari mengi hupoteza vipimo vyake vya ngurumo ya kusimama, yaani ya injini kuwaka bila kukanyagwa mafuta, na huhitaji muda wa kuwaka na kutembea ndipo yatulie. Naomba mafundi mvumilie muda huo kabla ya kutoa hukumu.

Kama bado inamisi, tafuteni silinda yenye kosa. Zimeni injini, chomoeni soketi ya koili moja, washeni kwa muda mfupi na msikilize: kama mtetemo umezidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, kama hakuna kilichobadilika, ndiyo yenye kosa. Hamishieni koili yake kwenye silinda nyingine. Kosa likihama nayo, nunueni koili. Lisipohama, angalieni plagi, kisha nozeli, na mwisho mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwa sababu valvu, yaani milango yake ya hewa na moshi, huweza kukwama gari likikaa.

Wenye magari ya dizeli waanze kwa kumwaga maji yaliyo chini ya chujio na kuondoa hewa kwenye mfumo kwa pampu ya mkono, pale ilipo.

Nimalizie na taa ya injini. Ikiwaka na kuzima mfululizo huku gari likitetemeka, msiendelee na safari, kwani petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuungulia humo, ikakipasha kisafisha moshi joto kubwa kupita kiasi. Wala msiegeshe kwenye nyasi zilizokauka, ambazo wakati wa kiangazi zimejaa kandokando ya barabara zetu, maana chuma hicho kinaweza kuziwasha. Tafuteni mahali peupe penye udongo mtupu, zimeni injini, kisha mwiteni fundi.