Nyando Imegeuka Chai ya Maziwa Tena

AKINYI: Karibuni tena, tuko hapa Kisumu, mimi ni Akinyi na huyu anakunywa uji kwa kelele ni Wafula.

WAFULA: Usiniaibishe bana, wasikilizaji wameshaingia.

AKINYI: Sasa jana nimepita daraja la Ahero, mto Nyando umejaa, rangi ni ile ya chai ya maziwa, na Ahero hakujanyesha hata tone. Hayo maji ni ya nani?

WAFULA: Ya huko juu milimani, Tinderet, Londiani, Nandi Hills. Kukinyesha huko jioni, watu wa tambarare ya Kano huku chini wanaanza kuinua magodoro usiku. Na si mvua pekee, ni pale inapoangukia. Msituni tone linagonga majani kwanza, likifika chini linakuta majani yameoza, mashimo ya mizizi na mchwa, linazama. Sasa lima hapo mahindi, mvua ya Aprili inapata mahindi yako urefu wa kidole, shamba liko uchi, tone linapiga udongo linauvunjavunja, ule ulaini unaziba matundu, juu panakuwa kama pamepigwa simiti, maji yatafanya nini, si yatateremka tu na udongo wako.

AKINYI: Na Januari mto unapungua sana, kwa sababu hakuna kilichozama.

WAFULA: Eeh, ndio hivyo.

AKINYI: Basi turudishe miti.

WAFULA: Ngoja. Kuna watafiti walipima mito midogo ya msitu wa Mau, kusini magharibi, ile inaingia mto Sondu. Mmoja unatoka msituni, mwingine kwa chai, mwingine kwa mashamba madogo ya wananchi. Matope mengi yalitoka wapi?

AKINYI: Kwetu sisi wa mashamba madogo, si ni wazi.

WAFULA: Ni kweli, lakini chai ilitoa matope kidogo sana kuliko mashamba madogo! Na chai si msitu.

AKINYI: Ala! Kwani siri ni kufunika ardhi?

WAFULA: Mwaka mzima, tena kando ya mto wameacha miti. Mambo ya mbolea na dawa za chai hayo ni kipindi kingine. Halafu nenda chini ya bulugamu, ile mikaratusi, zilizobanana, watu wamefagia majani ya kuwashia moto, ng'ombe wamekanyaga, miti iko lakini chini ni kipara.

AKINYI: Usisahau njia za ng'ombe. Kwetu Nyakach kulikuwa na moja ya kwenda mtoni, nikiwa mdogo naruka tu, leo ni korongo, lori likiingia hulioni.

WAFULA: Ng'ombe wanafuatana mstari ule ule, maji nayo yanapata barabara yake. Barabara ya murram bila mitaro ya kutoa maji kando ni hadithi ile ile.

AKINYI: Dani, nyanya yangu, alijaribu ile fanya juu.

WAFULA: Yule mama hachezi! Unachimba mtaro kufuata kontua, yaani kukata mteremko kwa usawa, udongo unautupa upande wa juu, unapanda nyasi za nepia hapo kwa tuta, ng'ombe anakula na udongo unakaa.

AKINYI: Ulikaa msimu mmoja. Jirani wa juu hakuwa na tuta hata moja, maji yake yote yakashukia matuta yetu yakayapasua.

WAFULA: Mkagombana?

AKINYI: Dani? Alimpelekea gunia la vipande vya nepia apande kwake.

WAFULA: Akapanda?

AKINYI: Alimpa ng'ombe. Gunia ndio alirudisha.