"Ameshazeeka" Si Jina la Ugonjwa
(Mhadhara kwa wafugaji wa mbwa, Moshi)

Mlionisikia kule Marangu mtanivumilia, narudia yaleyale. Mtu ananiletea mbwa kalegea, namuuliza anaumwa nini, ananijibu: "Daktari, huyu ameshazeeka tu." Jamani, uzee si ugonjwa! Niambie anakula, anakojoa, anatembeaje.

Kuna jike la miaka 11, mlinzi wa nyumba moja Machame. Wiki kama sita baada ya joto (kile kipindi cha kutaka dume) kupita, akaanza kunywa maji kupita kawaida. Chakula hataki, tumbo limetuna. Mama mwenye mbwa akampeleka kwanza mahali pengine, akaambiwa, "Mama, mwache apumzike, amekula chumvi nyingi." Akakaa naye siku nne. Nne! Alipofika kwangu, ultrasaundi ikaonyesha kizazi kimejaa usaha. Ugonjwa huu ni wa majike ambao hawajatolewa kizazi, na umri unavyosonga ndivyo hatari inavyopanda, kwa sababu kila joto likipita, homoni huacha ukuta wa kizazi umenenepa na bakteria wanapata makazi. Mnaona? Ile miaka 11 ndiyo ilipaswa kumfanya yule mtaalamu akague kizazi palepale. Yeye akaitumia kumrudisha mgonjwa nyumbani. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tulipima damu, tukaangalia figo na ini, tukamwekea dripu. Dawa ya usingizi tukampa kwa uangalifu, kidogo kidogo, tukamfunika asishikwe na baridi mezani, tukatoa kizazi. Alibweka getini miaka miwili mingine.

Kuna atakayesema kumpasua mbwa mzee ni kumtesa. Wakati mwingine ni kweli. Figo zikiwa zimekwisha, au saratani imeshafika mapafuni, mimi mwenyewe nitakwambia tumpumzishe milele. Lakini hapo nimesikiliza figo na mapafu, sikuhesabu miaka. Na hiyo hesabu yenu ya kuzidisha miaka ya mbwa kwa saba ili mpate umri wa mtu iacheni: German Shepherd wa miaka 9 ni mzee kweli, kambwa kadogo ka miaka hiyohiyo huenda bado kana nguvu zake. Halafu, tafadhali, akichechemea msimpe diklofenaki ya dukani, ile dawa ya maumivu ya binadamu. Inaharibu figo, inatoboa tumbo.

Naonyeshwa saa. Watoto wa mbwa basi, haraka. Huko nako kisingizio ni "bado mdogo". Kinga aliyopata kwa mama huizuia chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuhara na kutapika, isishike, ndiyo maana tunairudia mpaka afike wiki 16. Sindano moja haitoshi. Na siku ya kampeni ya kichaa cha mbwa mleteni hata ambaye hajafikisha miezi mitatu, achanjwe, baadaye atarudiwa. Meno leo sitayafikia.

Haya, mzee wangu wa pale nyuma, umesema wako ana miaka 12. Sawa. Kwa siku anakunywa maji kiasi gani?