Mfano wa Msamaria Mwema na Wafafanuzi Wake

Wapendwa wachungaji, wainjilisti na walimu wa Neno, nawaomba tuusome kwanza mfano wote, Luka 10:25-37, kabla hatujafungua kitabu chochote cha ufafanuzi, kwa sababu mfafanuzi ni wa kusikilizwa na kuhojiwa, wala hashiki nafasi ya Maandiko.

Origen, mwalimu wa Kanisa la kale katika karne ya 3, anasimulia mafundisho ya mzee mmoja: mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi ni Adamu, Yerusalemu ni paradiso, Yeriko ni ulimwengu, kuhani ni torati, Mlawi ni manabii, Msamaria ni Kristo, na nyumba ya wageni ni Kanisa. Augustino, askofu wa Kanisa la kale, naye akasema kwamba mwenye nyumba ile ni mtume Paulo. Calvin, mwanamatengenezo wa Kanisa, mwaka 1555, aliyakataa mafumbo hayo kwa kuwa yanaifunika maana ya wazi ya Maandiko. Nawaheshimu wazee wale waliomtafuta Kristo katika kila mstari, lakini hapa nakubaliana na Calvin, maana mwanasheria alimwuliza Yesu, "Na jirani yangu ni nani?", na mafumbo yale yanaliacha swali lake bila jibu.

Hata wafafanuzi wa karibuni nao wapimwe. Wengi hueleza kwamba kuhani aliyempita majeruhi kando aliogopa unajisi wa maiti, unaokatazwa katika Walawi 21, asije akazuiwa kuhudumu hekaluni. Maelezo hayo yanavutia, na mimbarani yanahubiriwa sana. Lakini mstari wa 31 unasema kuhani "alishuka kwa njia ile". Yerusalemu iko juu milimani, na Yeriko iko bondeni, chini ya usawa wa bahari. Basi anayeshuka ametoka Yerusalemu, na hekalu liko nyuma yake. Katazo la unajisi linabaki palepale, ila zamu ya hekaluni haimpi udhuru, na Luka hataji sababu yoyote ya kupita kwake kando. Udhuru huo tumemtungia sisi.

Ufafanuzi unatufaa zaidi unapoturudisha ndani ya Biblia yenyewe. Kuhusu dinari mbili za mstari wa 35, Augustino aliona amri mbili za upendo. Mfafanuzi mwangalifu atakupeleka Mathayo 20:2, ambako dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku. Msamaria, ambaye watu wake hawakuchangamana na Wayahudi, alimlipia mtu asiyemjua ujira wa siku mbili, kisha akajifunga kulipa chochote kitakachozidi.