Kichwa Kikubwa, Tumbo Dogo: Namna Tunavyopima Viungo vya Mtoto Aliye Tumboni

Wakunga wenzangu, wanafunzi, kina mama na kina baba mliokuja, nawasalimu. Nitaanza na uzito, maana ndio mnaouulizia kila siku, kisha nitauweka pembeni.

Mama akitoka chumba cha ultrasaundi, jambo la kwanza analolitafuta kwenye karatasi yake ni makadirio ya uzito wa mtoto. Sasa, mashine haikumpima mtoto huyo uzito. Imepima upana wa kichwa, mzingo wa kichwa, mzingo wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja, halafu ikapiga hesabu kwa fomula. Inayotumika sana ni ya Frank Hadlock na wenzake wa Houston, Marekani, ya mwaka 1985. Ni fomula nzuri, ila inaweza kuzidisha au kupunguza kwa asilimia 15 hivi. Mtoto aliyeandikwa kilo 3 akizaliwa na kilo 2.6, msimlaumu aliyempima. Mimi nikipewa karatasi hiyo, macho yangu yanakwenda moja kwa moja kwenye mzingo wa tumbo.

Nitawaambia kwa nini. Picha ya tumbo hatuichukui popote tunapopenda. Tunatafuta mahali ambapo tumbo linaonekana duara kamili, mfuko wa chakula ukiwa doa jeusi, na mshipa unaotoka kitovuni ukionekana ndani ya ini. Ukiona figo, umeshuka mno, panda juu. Ukimkandamiza mama kwa nguvu, duara linabonyea na namba inaharibika. Sehemu kubwa ya duara hilo ni ini. Kwa hiyo tunaposema tunapima tumbo, kwa kweli tunalinyemelea ini.

Na ini la mtoto aliye tumboni lina shughuli nyingi. Kwa miezi kadhaa ndilo kiwanda chake kikuu cha damu, na ndilo ghala la sukari yake ya akiba. Kondo la nyuma likishindwa kupitisha chakula na hewa ya kutosha, mwili wa mtoto unafanya kama nyumba iliyoishiwa: kidogo kilichopo kinapelekwa kwa wale wasioweza kusubiri. Ubongo na moyo vinapata damu kwanza. Ini linatumia akiba yake na kunywea. Ndipo unaona kichwa kinaendelea kukua huku tumbo limesimama. Kwa kawaida mzingo wa kichwa huzidi ule wa tumbo hadi karibu wiki ya 36, hapo vinalingana, kisha tumbo linapita. Wiki ya 37 kichwa kikiwa bado kimeliacha tumbo mbali, usimwambie mama kwamba familia yenu ni ya watu wembamba. Wataalamu wa patholojia waliliona jambo hili kwa mizani zamani: mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni akakua vizuri, ubongo wake una uzito wa takriban mara 3 ya ini, kwa aliyekosa chakula tumboni, ubongo unaweza kufika mara 5 au zaidi.

Sababu za kondo kushindwa hapa kwetu mnazijua: presha, upungufu wa damu, na malaria inayojificha ndani ya kondo wakati mama hana hata homa. Watafiti waliofuatilia wajawazito Korogwe, mkoani Tanga, walipima watoto kwa ultrasaundi mara kwa mara ili waone malaria inafanya nini ukuaji ukiwa bado unaendelea, wasingoje mizani ya chumba cha kujifungulia.

Kuna aliyeniuliza mashine inaonaje milimita. Haioni, inatuma sauti na kuhesabu muda hadi irudi. Sauti hupita kwenye nyama laini za mwili kwa kasi ya mita 1,540 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi sentimita 1 huchukua sehemu 13 za milioni ya sekunde. Ufundi huu ulitoka viwandani. Mwaka 1955 Ian Donald, daktari wa Glasgow, alibeba uvimbe uliokatwa kwa wagonjwa akaupeleka kwenye kiwanda cha maboila, Renfrew, akaujaribu kwa kifaa cha kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mwaka 1958 yeye, John MacVicar na mhandisi Tom Brown walichapisha picha zao katika jarida la The Lancet.

Figo ninazipenda kwa sababu hazina hesabu ngumu: urefu wake kwa milimita unakaribia idadi ya wiki za mimba. Wiki ya 30, milimita 30 hivi. Lakini kuna jambo zito hapo. Vichujio vya figo huacha kutengenezwa karibu wiki ya 36, na baada ya hapo haviongezeki tena maisha yote. Mmoja anazaliwa na laki chache kwa kila figo, mwingine anazidi milioni moja, na mwenye vichujio vichache ana hatari zaidi ya kupata presha ukubwani.

Ubongo mdogo wa nyuma nao, katikati ya mimba, upana wake kwa milimita unakaribia wiki. Njaa ya tumboni huchelewa kuugusa, kwa hiyo unasaidia kwa mama aliyechelewa kuja na hakumbuki hedhi yake ya mwisho. Usipojua umri wa mimba, hutajua kama mtoto ni mdogo au ni mchanga tu. Kipimo bora cha umri bado ni urefu wa kutoka utosini hadi makalioni kabla ya wiki 14, kilichowekewa msingi na Hugh Robinson, Glasgow, mwaka 1973.

Halafu chati za ukuaji, zile tunazolinganishia vipimo vya mtoto na wiki zake. Mradi wa INTERGROWTH-21st, uliochapishwa mwaka 2014, ulipima watoto wa mama wenye afya na lishe nzuri katika maeneo manane, Parklands ya Nairobi na Muscat ya Oman zikiwemo, ukasema watoto hao wanakua karibu sawa. Mwaka 2017 WHO ikatoa chati zake kutoka nchi kumi, Kongo ikiwemo, ikaona tofauti kati ya nchi na nchi. Mabishano hayajaisha. Ninachokataa mimi ni kliniki kutumia chati hii Januari na ile Machi, halafu mama anaambiwa mtoto ameshuka.

Dada wa pale nyuma ameuliza: je, kila mjamzito apigwe picha kila mwezi? Hapana. WHO tangu 2016 inashauri angalau moja kabla ya wiki 24, na nyingine zikiwa na sababu. Kukua ni tofauti ya vipimo viwili, tena vilivyopishana wiki mbili au tatu. Ukirudia baada ya siku nne unapima makosa ya mkono wako. Katikati ya hapo tumia futikamba. Kuanzia wiki ya 24 hivi, sentimita kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mji wa mimba hukaribiana na wiki. Mama wa wiki 32 akikupa sentimita 27, na tarehe zake una hakika nazo, mwandikie ultrasaundi siku hiyo hiyo, na uandike kwamba unataka mzingo wa tumbo.