Zikishatibu, Zinakwenda Wapi?

Mwenyekiti, asante. Wanafunzi wangu mliokaa kule nyuma mnajua ninakoelekea, kwa hiyo mnaweza kuendelea na simu zenu. Hawa wengine nawaomba masikio.

Sitaeleza saratani ni nini, wala kwa nini watu wanatafuta tiba mpya. Nimekuja na ugomvi wangu na sentensi moja kuhusu chembe nano, yaani punje ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo watafiti wanataka kutibia saratani. Sentensi hiyo nimeisoma kwenye maandiko ya utafiti mpaka inanitoka puani: "Chembe nano za oksaidi ya chuma ni salama na zinapatana na mwili." Inawekwa nukta, yanapangwa marejeo matano, safari inaendelea. Yafuate sasa hayo marejeo. La kwanza limenukuu la pili, la pili limenukuu la tatu, na la tatu limemwagia seli chembe kwenye kisahani na kuzipima baada ya saa 24. Saa ishirini na nne! Mgonjwa wako utamwambia aishi mpaka kesho jioni?

Msinielewe vibaya. Kazi yenyewe naipenda. Aliyekulia Dodoma anaijua magnetaiti, oksaidi ya chuma inayovutwa na sumaku, hata kama hajawahi kulisikia jina lake: mvua ikishakatika, unashuka korongoni na sumaku uliyoichomoa kwenye spika mbovu, unaiburuza mchangani, inatoka na ndevu nyeusi. Nyingi ya zile ndevu ndiyo hiyo magnetaiti. Sasa itengeneze maabara kwa upana wa nanomita 10 au 15 (nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ivishe ganda isigandamane, idunge kwenye uvimbe, halafu mlaze mgonjwa kwenye uga wa sumaku unaogeuka huku na huku mara 100,000 kwa sekunde. Chembe zinapata moto. Uvimbe ukifika nyuzi 43 hivi, seli zake zinaanza kufa, au zinakuwa dhaifu mbele ya mionzi. Gilchrist na wenzake kule Marekani walichapisha wazo la kupasha joto tezi za limfu kwa njia hiyo mwaka 1957. Wajerumani wa Berlin wakalifikisha kwenye ubongo wa binadamu, na mwaka 2010 tiba yao ikapata kibali cha Ulaya kwa uvimbe wa ubongo. Kwa hiyo hatuzungumzii ndoto.

Tatizo langu linaanza pale mtu anaposema: "Mwalimu, chuma si tayari tunacho mwilini? Tunakila kwenye mchicha na maini. Kitatudhuru vipi?"

Ndiyo, unacho. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4. Kwa siku unapoteza miligramu moja au mbili, ngozi ikibanduka, utumbo ukijisafisha, na kina mama damu ya mwezi. Basi. Mwili hauna njia ya makusudi ya kutoa chuma kilichozidi. Unajilinda kwa kukibania mlangoni, pale kwenye utumbo. Ukikipitisha kwenye mshipa umemruka mlinzi, na kikishaingia kimeingia. Kama humu ndani kuna mzazi wa mtoto mwenye selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi, yeye anaweza kupanda hapa akafundisha sehemu hii kuliko mimi. Kila chupa ya damu inaleta chuma, chuma kinajazana kwenye ini na moyo, na mtoto anaanzishiwa dawa za kukifunga ili kitoke. Hicho ni chuma cha kawaida kabisa, cha damu ya binadamu mwenzake, kisicho na unano wowote.

Ongeza sasa udogo. Gramu moja ya chembe za nanomita 10 ina uso wa zaidi ya mita za mraba 100, na mambo ya kemia yanatokea usoni. Chuma kikikutana na peroksidi ya haidrojeni, ambayo seli zetu huitengeneza kila siku, kinazaa radikali huru, yaani molekuli kali zisizotulia, zinazokata DNA. Kwenye seli ya saratani tunashangilia. Je, kwenye seli ya ini?

Na ini ndiko zinakokwenda! Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya matokeo ya miaka kumi, chembe nano za kila aina, wanyama wa maabara wenye uvimbe. Walichokuta ni kwamba kati ya chembe zinazodungwa kwenye mshipa, zinazofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7, kwa kipimo cha katikati. Nyingine zimemezwa na seli walinzi wa ini na wengu, au zimeishia kwingine. Andiko linakuja mezani lina kurasa ishirini juu ya hiyo 0.7, na kuhusu 99.3 iliyobaki lina aya moja.

Sasa mfano ninaoupenda, na Mwenyekiti akiniangalia saa nitajifanya sioni. Kuna dawa inaitwa ferumoksitoli. Ni chembe nano za oksaidi ya chuma zilizovishwa ganda la jamii ya sukari. Haikutengenezwa kutibu saratani. Ilianza kama dawa ya kuongeza chuma kwa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu. Marekani waliiruhusu Juni 2009. Kabla ya hapo ilijaribiwa kwa watu 1,726, na waliopata mzio mkali walikuwa watatu. Watatu! Nani kati yenu asingeandika "salama"? Ikaingia hospitalini, ikadungwa kwa watu wengi mno. Machi 2015 mamlaka ya dawa ya huko ikaiwekea onyo zito kuliko yote iliyo nayo: taarifa 79 za mzio wa ghafla, vifo 18. Karibu nusu ya matukio hayo yalitokea kwenye dozi ya kwanza, na mengi yalianza dawa ikiwa inaingia au ndani ya dakika tano baada ya kumalizika.

Nani atasema chuma ndicho kilichoua? Ini halijapata hata nafasi ya kukigusa. Kinga ya mwili haikutani na chuma kwanza, inakutana na ganda. Ndiyo maana "oksaidi ya chuma ni salama" ni maneno yasiyo na mwenyewe. Oksaidi ipi, kwa ganda gani, upana gani, miligramu ngapi, kwa mgonjwa yupi? Hiyo hiyo ferumoksitoli, dozi zake mbili ni miligramu 1,020 za chuma, zaidi ya robo ya chuma chote cha mwili. Kwa mama mwenye upungufu ni tiba. Kwa mgonjwa wa saratani asiyepungukiwa chuma ni mzigo.

Na tusitishane kupita kiasi: kwa mgonjwa mmoja mmoja hatari ile ilikuwa ndogo, na Marekani dawa haikufutwa. Waliacha kuisukuma kwa haraka, siku hizi inatiririshwa kwa robo saa au zaidi, na mgonjwa anakaa chini ya uangalizi nusu saa. Usalama ulitengenezwa, kwa kuhesabu waliodhurika na kuandika namba hadharani.

Naona mkono. Najua swali: "Mbona kimoterapia ni sumu na tunaitumia?" Sawa. Lakini sumu ya doksorubisini, mojawapo ya dawa za kimoterapia, tunaijua: inakula moyo, na daktari anajumlisha dozi za mgonjwa maisha yake yote asivuke kikomo. Nionyeshe kikomo cha chembe zako, nitakaa kimya.

Nimebakiziwa dakika tatu, kwa hiyo nakimbia. Mwaka 2016 pia ilionekana kwa panya kwamba ferumoksitoli tupu, bila dawa yoyote juu yake, ilipunguza kasi ya uvimbe wa matiti kwa kuamsha seli walinzi. Habari njema; lakini basi tusiendelee kuiita kibebeo cha dawa kisichojihusisha. Pili, chembe zinafyonza mwanga, na vipimo vyetu vya uhai wa seli vinasoma mwanga, kwa hiyo vinaweza kudanganyika. Weka chembe peke yake bila seli, upime, kabla hujanipa grafu. La kupenya kwa sumaku kwenye uvimbe wa ndani naliacha, tungekesha.

Ila hili siliachi. Kwenye tiba ile ya Berlin, chembe zinabaki pale zilipodungwa, na zinaharibu picha ya MRI, ile inayopigwa kwa sumaku, ya eneo hilo. Wagonjwa walifuatiliwa kwa CT, picha ya eksirei. Metali iliyo karibu na eneo la tiba, hata ya kuzibia jino, iling'olewa kwanza. Mkiandika fomu ya ridhaa kwa Kiswahili kupeleka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na ombi la jaribio kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mambo hayo yawe ukurasa wa kwanza, kwa maneno ambayo bibi wa Kondoa atayaelewa akisomewa mara moja. Anaweza kukataa. Ni haki yake.

Mwenyekiti, kipaza sauti kipelekwe kwa yule dada wa katikati, amenyoosha mkono tangu tulipokuwa kwenye ini.