Kabla ya darasa la awali, nani anamjibu mtoto?

Mhadhara kwa wazazi na walezi, Newala, mkoani Mtwara

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kina baba, walimu na wahudumu wa afya ya jamii, asanteni kwa kuja. Najua ni kipindi cha kupulizia mikorosho na kila aliyekaa hapa ameacha kazi shambani, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Tukizungumzia elimu ya watoto wetu tunaanza tukiwa tumechelewa. Tunaanzia kwenye mtihani wa darasa la saba, tunadai walimu, tunadai madawati. Tuna haki ya kudai. Lakini waangalieni watoto wawili wa miaka mitano siku ya kwanza darasa la awali. Wote hawajawahi kushika kalamu. Mmoja anasikiliza, anauliza, akikosea anarudia. Mwenzake ameinamisha kichwa, anamwogopa mwalimu. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ilianza nyumbani, tangu walipokuwa wanabebwa mgongoni.

Niwapeleke Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, katika mitaa ya watu maskini mjini Kingston, watafiti waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24, wakawagawa katika makundi manne. Kundi la kwanza likapewa maziwa ya unga kila wiki. La pili likawa linatembelewa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii, mwanamke kama hawa dada zetu waliokaa mbele, saa moja kwa wiki kwa miaka miwili. La tatu likapata yote mawili, na la nne halikupata hata kimoja kati ya hivyo. Yule mhudumu hakubeba fedha. Alibeba vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo na mabaki ya nyumbani, akakaa chini na mama, akamwonyesha namna ya kucheza na mwanawe, kumtajia majina ya vitu, kumsifu anapojaribu.

Miaka 20 baadaye wakawatafuta. Waliokuwa wakitembelewa walikuwa wamesoma zaidi, ugomvi wao ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao, na kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 25. Waliopewa maziwa peke yake hawakupata nyongeza hiyo ya kipato. Jamani, mtoto lazima ale, na uji wa lishe tusiuache. Ila chakula peke yake hakikutosha.

Wamarekani nao, kule Minnesota, wamewafuatilia watu 243 waliozaliwa katika familia za kipato cha chini, tangu uchanga hadi umri wa miaka 32. Waliolelewa na mama mwepesi kutambua mtoto anataka nini na kumjibu, katika ile miaka mitatu ya mwanzo, walifanya vizuri zaidi katika masomo. Na umaskini wa nyumbani haukutosha kuieleza tofauti hiyo.

Kumjibu ndiko ninakokusisitiza. Mtoto anatoa sauti, unamgeukia, unamrudishia. Ananyoosha kidole kwa kuku, unamwambia huyo ni kuku, anakula mtama. Mwambie kwa Kimakonde, kwa Kiyao, kwa Kimwera, kwa lugha uliyoizoea, maana ukijilazimisha lugha isiyokukaa vizuri maneno yanakuwa machache. Na simu msiifanye yaya. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa mwaka mmoja na chini yake asiwekwe mbele ya skrini kabisa.

Sasa Oktoba inakuja. Mama ataondoka alfajiri kuokota korosho, na mtoto wa mwaka mmoja ataachiwa dada yake wa miaka saba. Hili linaniumiza kuliko yote, kwa sababu hapo tumewakosesha wawili: mdogo hana mtu mzima wa kumjibu, na mkubwa hayuko darasani. Napendekeza kaya tatu au nne za jirani zikae mapema, zimchague bibi mmoja mwenye nguvu na subira, zimlipe hata kwa kilo kadhaa za korosho. Bibi ana nyimbo, ana vitendawili, na ndiye aliyewalea ninyi.

Na manyakanga mliopo, nawaomba kwa heshima. Maneno yenu wanawali hawayasahau. Mnapowafunda mambo ya ndoa na uzazi, wafundisheni pia kuongea na mtoto mchanga, kwa sababu wengi wao wanadhani hasikii.

Kwa upande wa baba, kubeba mtoto jioni na kumsimulia ya mnadani hakumpunguzii mtu uanaume. Mtoto anayeijua sauti ya baba yake kwa kukaripiwa tu atamwogopa na mwalimu, na aliyeogopa haulizi.

Nimemaliza yangu. Tupokee maswali, na naomba tuanze na kina baba waliokaa nyuma: kwenu msimu huu, nani atabaki na mtoto?